Vizuizi, Kilomita ya 31 Hadi ya 34

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mpimaji wa njia alipiga goti kando ya baiskeli yake akapunguza upepo wa tairi la mbele, kisha la nyuma, kwa sababu changarawe ya hapo ilikuwa nene na tairi gumu lingerukaruka. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Akatoa kibao chenye fomu kutoka kwenye mkoba wa mgongoni, akaandika: kilomita 0 hadi 6, changarawe nene, mwinuko mdogo, kivuli kipo, maji hakuna, vizuizi viwili. Vizuizi vyenyewe vilikuwa mbwa na mwenye mbwa.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Ofisi ya njia iliyoko mjini huchapisha kitabu cha njia za vumbi kwa ajili ya watu wanaopenda kuendesha baiskeli mbali na lami, mbali na honi na, tusifichane, mbali na watu. Kila njia hupimwa na mtu mmoja, maana wakiwa wawili huongea, na wakiongea husahau kuhesabu. Mpimaji aliweza kukaa siku tatu bila kutamka neno. Siku ya nne akiagiza chai kwenye nyumba ya wageni, ilimbidi akohoe kwanza ndipo sauti itoke. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na baiskeli mbili na dada mmoja.

Safu ya mwisho ya fomu ndiyo iliyokuwa na maneno. Mwongozo wa kazi ulisema kizuizi ni kitu chochote kinachomlazimu mpanda baiskeli kupunguza mwendo au kufungua kinywa. Ng'ombe ni kizuizi. Lango ni kizuizi. Mtu anayesalimia ni kizuizi, kwa kuwa salamu hujibiwa. Njia yenye vizuizi zaidi ya thelathini haichapishwi.

Njia Namba Saba ilianzia kwenye msitu wa misonobari, ikashuka bonde la mahindi, ikapanda tuta la mawe ambapo hata bingwa wa baiskeli hushuka akasukuma, kisha ikanyooka juu ya uwanda wa nyasi ndefu mpaka kwenye mto mkavu. Hapo uwandani, kati ya kilomita ya thelathini na moja na ya thelathini na nne, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho, kilomita ya thelathini na mbili, nyumba ya kwanza kulia, aliishi dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, mpimaji alikuwa na miaka sita, dada alikuwa na kumi na tano, na tangu siku hiyo dada ndiye aliyekuwa mama, baba na kengele ya kumwamsha. Shule ilikuwa ng'ambo ya nyasi. Kila alasiri aliporudi, soksi zake zilikuwa zimejaa mbegu nyeusi za kishona nguo, zile zinazong'ang'ania kama mdai. Dada alimkalisha kizingitini, akamnyoosha miguu juu ya mapaja yake, akachomoa mbegu moja moja huku akimuuliza ya darasani. Nani kakuchapa? Nani kakugawia chakula? Moja aliiacha kila mara, karibu na kifundo. "Hiyo utaniletea kesho," alisema. Sasa mpimaji alikuwa na miaka hamsini na miwili, na dada alikuwa bado anachomoa, bado anauliza, bado anamwita Miguu.

Mume wa dada alikwisha kufa. Watoto walitawanyika, kila mmoja na mji wake, na simu zao zilikuwa fupi.

"Miguu," alimwambia mwaka uliotangulia, "hao watu wako wa baiskeli kwa nini hawapiti huku?"

"Wanapenda sehemu zilizotulia, Dada."

"Basi huku kumetulia mpaka masikio yananiuma. Majirani nao wanashinda mashambani, jioni wamechoka. Walete hao watu. Mtu apite, apige hodi, akae, anywe chai, aniambie anakotoka. Sitaki kingine."

Akanunua vikombe sita. Akatoa viti viwili na benchi, akavielekeza barabarani.

Ndiyo maana Jumatatu ile mpimaji alipofika kilomita ya thelathini na nne, alisimama na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa amehesabu watu arobaini na watatu, na wote walimsalimia, na baadhi walimsimamisha wamuulize ya tangu mwaka juzi. Akiandika arobaini na tatu, njia ingefia mezani. Akiandika hakuna, njia ingechapishwa, waendesha baiskeli wangekuja, na dada yake angepata mtu wa kuzungumza naye. Hakuwa amewahi kudanganya kwenye fomu. Akapiga moyo konde, akaandika: vizuizi, hakuna. Akatia sahihi.

Kitabu kilitoka mwezi wa tatu. Mwezi wa nne mpimaji alipata likizo, akapanda baiskeli kwenda kuona kazi ya mikono yake. Alifika Jumamosi saa nne. Nguo zilikuwa kwenye kamba, moshi ulikuwa juu ya mapaa, na katika shamba la kwanza jembe lilipanda na kushuka, likapumzika kidogo, likaendelea. Hakukuwa na mtu. Akaegemeza baiskeli ukutani kwa dada yake.

"Hodi."

"Karibu, Miguu. Umekonda." Sauti ilitoka kwenye kiti cha kushoto.

Akakaa kwenye cha kulia. Birika likanyanyuka kutoka jikoni, likaja, likainama, kikombe kikajaa.

"Sikuoni, Dada."

"Najua. Tulianza kutoonekana siku kitabu kilipotoka. Saa tano hivi, nilikuwa nafua."

"Na ninyi kwa ninyi?"

"Tunaonana vizuri tu. Hata wewe nakuona. Kola yako chafu." Kikombe cha pili kikajaa. "Uliandika nini kwenye ile karatasi yako?"

Akamwambia. Dada hakupandisha sauti. Alipuliza chai yake, mpimaji akaona mvuke ukihama.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Nipe miguu."

Mpimaji akavua viatu akanyoosha miguu. Mbegu zikaanza kutoka kwenye soksi, moja moja, zikielea kidogo hewani kabla ya kuanguka juu ya jiwe. Dada akamsimulia. Waendesha baiskeli walikuwa wanakuja kweli, hilo lilitimia. Walikuwa wanakuja kwa makundi, na kofia zao ngumu na chupa zao za maji. Watu wa kijiji waliwaamkia, na wao wakasikia, ila walidhani ni redio iliyoachwa wazi mahali fulani. Mmoja alisimama, akaegemeza baiskeli pale pale, akakaa kwenye kiti ambacho dada alikuwa amekikalia.

"Mtu mzito," alisema dada. "Nikatoka taratibu. Akatazama nyasi weee, halafu akamwambia mwenzake, pazuri hapa, laiti pangekuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mimi nimesimama hapo na birika."

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu. Akasema, redio hii inazungumza vizuri."

Hilo mpimaji aliweza kulimeza, kwa shida. La pili lilikuwa gumu zaidi. Jumanne moja ya kila mwezi muuguzi alipita na pikipiki, na sanduku la dawa nyuma. Mwezi ule alipita, akazima pikipiki kwenye uwanja, akasubiri hadi saa sita, akaandika kwenye daftari lake kwamba wakazi hawakujitokeza, akaondoka. Wakazi wote walikuwa wamepanga foleni mbele yake. Dada alikuwa wa tatu, mkono wa gauni ameshaukunja tayari kupimwa, na goti lake likimuuma kama kawaida.

Jumatatu saa mbili mpimaji alikuwa mbele ya meza ya karani mkuu wa ofisi ya njia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Mama, kuna kosa kwenye Namba Saba. Niliandika hakuna vizuizi. Wapo watu arobaini na watatu."

"Wanaonekana?"

"Hawaonekani, kwa sababu niliandika hawapo."

Karani mkuu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha. "Ilishatokea Namba Tatu. Mpimaji alisahau kuandika ziwa. Mpaka leo watu wanafika ng'ambo wamelowa." Akafungua droo, akatoa fomu ya masahihisho. "Nahitaji picha."

Mpimaji alikuwa nayo. Karani akaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali. Ilionyesha viti viwili, benchi, na birika likiwa usawa wa kifua cha mtu.

"Hili ni birika, Bwana Mpimaji. Birika halimlazimu mtu kupunguza mwendo."

"Limeshikwa na dada yangu."

"Sikatai. Lakini anasimama barabarani?"

"Anakaa kando. Anasalimia."

"Na waendesha baiskeli wanamjibu?"

"Wanadhani ni redio."

"Redio si kizuizi." Akavua miwani, na kusema haki hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kaka yake pia, mahali fulani. "Mwongozo ni mwongozo. Baiskeli ikizuiwa na mtu, hata huyo asiyeonekana, nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe leo hii. Lakini watu wa kijiji wakipisha, hakuna kilichozuia. Wanapisha, sivyo?"

"Wanapisha."

"Ndiyo hivyo basi."

Jumamosi iliyofuata aliwapelekea watu wa kijiji habari hizo. Walizijadili uwanjani, sauti arobaini na tatu, na nyingine zilikuwa kali. Mzee mmoja wa sauti nzito aliuliza kama ina maana ni lazima wagongwe ndipo waonekane. Mpimaji akasema ndiyo, kwa maelezo aliyopewa ni hivyo. Wakakubaliana kujaribu. Wakashikana mikono, safu moja kutoka ukingo huu wa barabara hadi ule, na mpimaji akasimama pembeni na fomu. Hakuwaona, lakini aliona changarawe imetulia chini ya nyayo, na alimsikia dada yake katikati ya safu akimwambia jirani asimbane sana, goti linauma.

Akaja mwanamke mmoja mtu mzima, mvi zimechungulia chini ya kofia, akishuka mteremko wa kilomita ya thelathini na moja. Hapo barabara ina matuta madogo madogo kama bati, na baiskeli hutetemeka mpaka meno. Yeye alikuwa ameachia breki, anaimba peke yake, kwa sauti ya mtu ambaye amekuwa na wiki mbaya na sasa imekwisha. Mita hamsini. Mita ishirini. Mpimaji aliinua kalamu. Mita kumi, akasikia nyayo zikikimbilia pembeni, kulia na kushoto, na mwanamke akapita katikati ya vumbi bado anaimba.

Nyayo zikarudi barabarani, taratibu.

"Angevunjika shingo," dada alisema mwishowe, akihema. "Mama wa watu. Wewe ungeweza?"

"Nisingeweza, Dada."

"Hata sisi hatukuweza."

Wakarudi kwenye kazi zao. Mpimaji alisikia mageti yakifunguka, ndoo zikichukuliwa. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Angeweza kumkasirikia karani, au mwongozo, au wale waliopisha, lakini sahihi iliyokuwa chini ya ile fomu ilikuwa yake, na alikuwa ameiandika vizuri, kwa mwandiko wa kusomeka.

Tangu hapo akawa anakwenda kila Jumamosi. Dawa za goti aliziomba kliniki kwa jina lake mwenyewe, akawa anachechemea kidogo mbele ya muuguzi ili apewe. Wakanywa chai. Dada aliuliza, mpimaji akajibu, na mbegu zikarundikana juu ya jiwe. Unaweza kuzoea kumpenda mtu kwa sauti. Watu wengi wenye simu wameshazoea.

Lakini mwezi wa kumi mwendesha baiskeli mmoja aliandikia ofisi barua ya pongezi. Njia Namba Saba ni nzuri kupita kiasi, alisema, misonobari, mahindi, nyasi, kila saa mandhari mapya. Dosari ni moja tu: kati ya kilomita ya 31 na ya 34 kuna redio. Karani mkuu alimwita mpimaji akamwonyesha barua, kwa heshima, kisha akamweleza kwamba chapa ya pili imekwisha kwenda kiwandani. Kwenye ukurasa wa Namba Saba ofisi ilikuwa imeongeza maneno mawili. Ukimya kamili.

"Ungeniuliza, Mama."

"Ungesema nini?"

Mpimaji akafikiri. "Ningesema si redio."

"Na mimi ningekuuliza kama una picha."

Jumamosi ya baadaye alipiga hodi na hakujibiwa. Birika lilinyanyuka, kikombe kikajaa. Alisema Dada, na kijiko kikakoroga. Alisema nisamehe, na kijiko kikasimama, kikakaa hivyo kitambo, kisha kikaendelea kukoroga. Alimpa daftari na kalamu. Kalamu ilisimama wima ikatembea mstari baada ya mstari, kurasa mbili nzima, kwa mwandiko wa haraka wa mtu mwenye mengi, na kurasa zikabaki nyeupe. Ofisi ilikuwa imeandika ukimya kamili, na maandishi nayo ni maneno. Alilikunja daftari akalirudisha mkobani. Bado analo. Wakati mwingine, akiwa peke yake kwenye njia nyingine, hulifungua akazitazama zile kurasa mbili.

Kilichobaki ni soksi. Hizo hazikuandikwa popote.

Siku hizi mpimaji hapiti tena katikati ya barabara akifika uwandani. Anashuka, anaikokota baiskeli kwenye nyasi ndefu kandokando, kilomita nzima, anapita pale kishona nguo kilipostawi zaidi, na akifika kwa dada soksi zake ni nyeusi mpaka magotini. Hukaa kizingitini akanyoosha miguu. Zamani ilikuwa kazi ya dakika kumi. Sasa inachukua saa nzima na zaidi, na yeye husimulia ya wiki bila kuulizwa, akikisia maswali. Nani kakugawia chakula. Hakuna, Dada, nimekula peke yangu.

Kuna jambo moja linalomtia hofu na hamwambii mtu. Dada ana miaka sitini na moja na goti halijapona. Iko Jumamosi ambayo atanyoosha miguu na mbegu hazitatoka, na hatajua kama amekasirika, amelala, au amekufa, wala hatajua wamemzika upande gani. Kwa hiyo kila anapokaa, kabla mbegu ya kwanza haijatikisika, hubana pumzi.

Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa hivyo mwendesha baiskeli alipofika, mwanaume mwenye fulana ya njano, akashuka kufunga mnyororo uliochomoka. Mikono ikajaa grisi. Akamwona mpimaji, kwa sababu mpimaji si wa kijiji hicho.

"Habari, mzee. Unamsubiri mtu?"

"Hapana."

"Pametulia sana hapa." Akakaa kwenye benchi, akafunua kitabu magotini, akatafuta ukurasa. Nyuma yake birika lilinyanyuka, likainama, kikombe kikajaa, kikaja kikawekwa kando ya kiwiko chake, mkono wa kikombe ukiwa umemwelekea. Yeye alikuwa anapima kwa kidole umbali uliobaki mpaka mto mkavu. "Wameandika hakuna mtu mpaka kilomita ya thelathini na nne. Kweli kabisa. Sijaona hata mmoja."

"Kunywa chai," alisema mpimaji.

"Asante, mzee, mimi situmii chai ya mtu." Akajifuta mikono kwenye nyasi, akapanda, akaaga, akaenda. Chai ilipoa. Baadaye kikombe kilinyanyuliwa, kikamwagwa uani, kikaoshwa, kikarudishwa kwenye safu pamoja na wenzake watano.

Kisha mbegu zikaanza kutoka. Zilitoka polepole kuliko wiki iliyotangulia, na mara mbili zilisimama, na mara zote mbili mpimaji alisimamisha hadithi yake katikati akangoja. Zikaendelea. Jua lilikuwa limepita utosini soksi ya kushoto ilipokwisha, na limeanza kushuka ya kulia ilipobakiwa na mbegu moja, karibu na kifundo. Alingoja. Haikutoka. Akavaa viatu.

Ulikuwa mwezi wa ukaguzi, na Namba Saba ilikuwa ikaguliwe upya kama kila mwaka. Kwenye kilomita ya thelathini na nne alisimama, akatoa kibao, akaandika: changarawe nyembamba, tambarare, kivuli hakuna, maji hakuna. Aligeuka akatazama nyuma. Nguo zilikuwa kwenye kamba, jembe lilikuwa likipanda na kushuka, na hakuona mtu. Akaandika: vizuizi, hakuna. Akatia sahihi, kwa mwandiko wa kusomeka.

Halafu akatoka barabarani, akaingiza baiskeli kwenye nyasi zenye kishona nguo.